Charley Pride: Picha Iliyofichwa na Miaka Isiyosimuliwa

Habari za Charley Pride, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, zikiandikwa, mara nyingi huanza na picha ambayo haikutumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1966, kampuni ya kurekodi ya RCA Victor ilipopeleka santuri yake ya kwanza kwenye vituo vya redio vya Marekani, haikuambatanisha picha ya mwimbaji kama ilivyokuwa desturi ya biashara hiyo. Watangazaji wakaipiga bila kujua kwamba mwenye sauti ile nzito na tulivu, inayotamka maneno kwa lafudhi ya kusini waliyoizoea masikio yao, alikuwa mtu mweusi kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi. Kisa hicho ni cha kweli na ni kitamu kusimulia, kwa sababu kina siri, kina mshangao, na mwishoni kina aibu ya kuwapaka wabaguzi. Hata hivyo kimepewa uzito usiokistahili, kwa kuwa kinamwonyesha Pride kama mtu aliyepenyezwa kwa hila za wakubwa wa Nashville, mji wa Tennessee ulio kitovu cha biashara ya kantri, na kinafuta miaka zaidi ya kumi ya kazi aliyoifanya kabla hata mmoja wa wakubwa hao hajalisikia jina lake.

Tena siri yenyewe haikudumu. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1966, na juu ya jalada iliwekwa sura yake, wazi kabisa, kwa yeyote aliyeingia dukani. Kama mnunuzi wa kawaida angekuwa ndiye wa kuogopwa, jalada lile lisingechapishwa. Aliyefichwa kwa miezi michache alifichwa kwa kundi dogo la watu wenye mamlaka ya kuamua nani asikike, yaani wakuu wa kampuni, watangazaji wa redio na waandaaji wa maonesho. Tofauti hiyo kati ya msikilizaji na mlinda mlango ndiyo inayonifanya niirudie habari yake ya mwanzo.

Pride alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 huko Sledge, kijiji kidogo kilicho katika tambarare ya kaskazini-magharibi mwa Mississippi inayoitwa Delta, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto 11. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na ardhi, waliolima pamba katika shamba la mwenye mali na kugawana naye mavuno, mpango ambao mwisho wa msimu ulimwacha mkulima na deni mara nyingi zaidi kuliko pesa. Baba yake alikusudia aitwe Charl, lakini karani aliyeandika cheti cha kuzaliwa akaandika Charley, na jina likabaki hivyo. Delta ile ndiyo iliyomlea Muddy Waters na ndiyo alikozaliwa B.B. King, magwiji wa bluzi. Mtu anayesikia kwamba mwimbaji mweusi amezaliwa huko hutarajia moja kwa moja kwamba ataimba bluzi, na matarajio hayo ndiyo yaliyomsumbua Pride maisha yake yote, kutoka kwa Wazungu na kutoka kwa watu wake mwenyewe.

Lakini ndani ya nyumba yao kulikuwa na redio ya Philco, na baba ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuigusa. Jumamosi usiku mzee huyo alitafuta kituo cha WSM cha Nashville, kilichorusha kipindi cha muziki wa kantri cha Grand Ole Opry, kilichopigwa jukwaani mbele ya watazamaji, kwa mtambo wa kilowati 50. Mawimbi ya kati husafiri mbali zaidi jua likishazama, kwa hiyo fidla na magitaa ya Nashville yaliingia katika vibanda vya wakulima weusi wa Mississippi sawasawa na yalivyoingia katika nyumba za Wazungu wa milimani Tennessee. Kijana yule alikariri nyimbo za Hank Williams na Ernest Tubb kwa namna wazungumzaji wa Kiswahili wa kizazi fulani walivyokariri taarabu na rumba, bila kuuliza kama wanaruhusiwa. Alipofika miaka 14 alinunua gitaa lake la kwanza kwa fedha za kuchuma pamba, akalipata kutoka katika maduka ya Sears Roebuck, akaanza kujifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio na kuigiza.

Waliosema baadaye kwamba aliingia katika muziki usio wake walikuwa wanarudia, pengine bila kujua, mgawanyo uliobuniwa na wafanyabiashara. Katika miaka ya 1920 kampuni za kurekodi za Marekani ziliamua kuuza muziki wa kusini katika orodha mbili, moja ya santuri za watu weusi na nyingine ya santuri za Wazungu wa mashambani, ingawa wanamuziki wenyewe walikuwa wakifundishana kwa vizazi. Banjo, ala inayotambulisha muziki wa kantri kuliko karibu nyingine zote, ina asili ya Afrika Magharibi. Hank Williams mwenyewe alifundishwa gitaa huko Alabama na mwanamuziki mweusi wa mitaani, Rufus Payne. Katika jukwaa la Opry, mmoja wa nyota wa kwanza kabisa alikuwa DeFord Bailey, mpigaji kinanda cha mdomo, mtu mweusi, aliyesikika hapo tangu miaka ya 1920 hadi alipoondolewa mwaka 1941 na kuishia kung'arisha viatu vya watu Nashville. Pride hakuwa mgeni katika muziki huo, bali alikuwa mrithi ambaye jina lake halikuandikwa kwenye wosia.

Hata hivyo ndoto yake ya kwanza haikuwa muziki. Ilikuwa besiboli. Jackie Robinson alipovunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, kila kijana mweusi mwenye mkono wa kurusha mpira aliona njia ya kutoka shambani, na Pride alikuwa mmoja wao. Mapema katika miaka ya 1950 alikuwa mrushaji wa Memphis Red Sox katika ligi ya watu weusi. Kwa bahati mbaya aliingia wakati ligi hiyo inaanza kufa, kwa kuwa wachezaji wake bora walikuwa wakichukuliwa na timu za Wazungu na watazamaji walikuwa wakiwafuata. Mwaka 1953 alisajiliwa na timu ya daraja la chini iliyokuwa chini ya New York Yankees, akaumia mkono, akarudishwa. Timu aliyoichezea baadaye, Louisville Clippers, ilimuuza yeye na mwenzake kwa Birmingham Black Barons ili ipate basi la kusafiria. Pride aliisimulia habari hiyo kwa kicheko hadi uzeeni, akisema huenda wao wawili ndio wachezaji pekee katika historia waliobadilishwa na gari kuukuu. Nionavyo mimi, kicheko hicho kilikuwa chombo chake cha kazi kama gitaa, na tutakikuta tena huko Detroit.

Akaitwa jeshini mwaka 1956, akaoa mwaka huohuo, akaachiliwa mwaka 1958, akarudi Memphis kurusha mpira. Mwaka 1960 akaenda Montana, jimbo la kaskazini lenye milima, baridi kali na watu weusi wachache mno, akitafuta nafasi katika timu ya Missoula. Nafasi ile haikudumu. Akahamia East Helena, ambako kiwanda cha Asarco cha kuyeyusha madini ya risasi kilikuwa na timu yake ya besiboli, na aliyejua kucheza alipewa kazi kiwandani.

Inafaa kusimama kidogo katika kiwanda hicho. Kazi ya Pride ilikuwa kushusha makaa ya mawe kutoka katika mabehewa na kuyasukuma kwa sepetu hadi kwenye tanuri lenye joto la nyuzi za Selsiasi 1,300 hivi, huku akikwepa taka za madini zilizoyeyuka na kung'aa kwa weupe, ambazo zilimuunguza mara kwa mara. Akitoka zamu alicheza mpira. Meneja wa timu alipogundua kwamba anaimba, akamlipa dola 10 za ziada kwa kila mchezo ili aimbe kwa robo saa kabla ya mpira kuanza, na watazamaji wakaongezeka. Kisha yakafuata mabaa na vilabu vya Helena na miji ya jirani, ambako aliimba usiku na kuwahi zamu ya tanuri. Maisha hayo aliyaishi kwa miaka kadhaa, akiwa na mke na watoto wadogo.

Nadhani kitovu cha habari yake kiko hapo, wala hakiko katika ofisi za RCA. Huko Montana hakuna aliyeficha picha yake. Wachimbaji, wachungaji wa ng'ombe na wafanyakazi wa reli walimwona akipanda jukwaani, mweusi katika chumba kizima cha Wazungu, kabla hajafungua kinywa, kisha wakamsikiliza, na juma lililofuata wakarudi kumsikiliza tena. Kila alichokihitaji baadaye mbele ya umati mkubwa alijifunza katika vyumba hivyo vidogo: kuvumilia kimya cha dakika ya kwanza, kutania kabla hajataniwa, na kuingia katika wimbo haraka ili sauti ifanye kazi ambayo maneno hayawezi. Tukisema kwamba sauti yake ilitangulia sura yake, tunasema kweli juu ya Nashville tu. Montana sura ilitangulia, na sauti ikashinda.

Mwaka 1962 waimbaji wawili waliokuwa na majina, Red Sovine na Red Foley, walipita Helena kwa onesho. Pride akapata nafasi ya kuwaimbia, nao wakamshauri aende Nashville. Hakukimbilia huko. Moyo wake ulikuwa bado umeshikwa na besiboli, na alikuwa amekwisha kufanya majaribio na timu ya Angels bila kufaulu. Alijaribu tena kwa New York Mets, akasafiri hadi Florida kwa gharama zake bila kualikwa, na kocha Casey Stengel hakutaka hata kumtazama akirusha. Akiwa njiani kurudi, akapitia Nashville akiwa na jina la Red Sovine kama utambulisho. Huko akakutana na Jack Johnson, aliyekuwa akitafuta mwimbaji mweusi wa kantri, naye akarekodi sauti yake kwa majaribio, akamsindikiza kwenye kituo cha basi na kumwahidi mkataba wa umeneja. Pride akarudi kwenye tanuri.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Habari za Pride zinatutaka tuutumie usemi huo kwa tahadhari. Sauti yake ilikuwa njema tangu mwanzo, lakini kwa muda mrefu Johnson alizunguka nayo kutoka mlango hadi mlango Nashville bila kupata mnunuzi. Waliosikia walifurahi. Walipojulishwa anayeimba ni nani, furaha iliisha. Hatimaye Jack Clement, mtayarishaji aliyekuwa amefanya kazi na Johnny Cash na Jerry Lee Lewis katika studio za Sun za Memphis, akavutiwa. Clement alikuwa mtu wa vituko na hakuwa na mazoea ya kuomba ruhusa. Akampa Pride nyimbo saba akazijifunze, na Agosti 1965 akalipia mwenyewe saa za studio ya RCA mjini Nashville ambako ziliimbwa mbili kati yake. Maana yake ni kwamba kampuni iliyokuja kusifiwa kwa ujasiri wa kumpokea mwimbaji mweusi haikutoa hata dola moja katika hatua ile ya kwanza, bali mtu binafsi ndiye aliyebeba hasara ikiwa ingetokea.

Rekodi hiyo ikafika kwa Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyekuwa mkuu wa RCA mjini Nashville. Atkins alijua kwamba uamuzi wa namna ile hauwezi kuwa wake peke yake, akaichukua hadi kwenye kikao cha wakuu wa kampuni huko Monterey, California. Akawachezea kwanza. Wakaipenda. Ndipo akawaeleza mwimbaji ni nani, na wakiwa wamekwisha kusema kwamba ni nzuri, ikawa vigumu kwao kugeuka. Picha ya kwanza kufichwa basi ilifichwa kwa viongozi wa RCA wenyewe. Jambo hili husimuliwa kwa wepesi, lakini linasema mengi kuhusu mahali kizuizi kilipokuwa: watu waliosomea biashara ya muziki, wenye takwimu zote mezani, walihitaji kufanyiwa mtihani wa kufumbwa macho ili waweze kuamini masikio yao.

Santuri ya kwanza ikatoka Januari 1966 kwa jina la Country Charley Pride. Neno hilo la mbele liliongezwa ili asiwepo wa kubahatisha ni muziki gani, na kwa mara ya pili maishani jina lake likaandikwa na kalamu ya mtu mwingine. Wimbo wenyewe, "The Snakes Crawl at Night", unamhusu mume aliyewaua mkewe na mpenzi wa mkewe, naye ndiye anayesimulia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini walimchagulia wimbo wa muuaji, katika nchi iliyokuwa imepitisha Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964 na Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1965 huku damu ikimwagika barabarani, na ambako majimbo mengi ya kusini yalikuwa bado yanakataza kwa sheria ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi hadi Mahakama Kuu ilipoyabatilisha hayo Juni 1967. Jibu la kikazi ni kwamba nyimbo za usaliti na mauaji ni hazina ya zamani ya kantri, na aliyetaka kuthibitishwa kuwa ni mwana wa nyumba alipaswa kuimba za nyumba hiyo. Santuri ile haikufanya vizuri sokoni, wala ya pili. Ya tatu, "Just Between You and Me", iliyoandikwa na Clement mwenyewe na kutoka mwishoni mwa 1966, ndiyo iliyoingia kumi bora za chati ya kantri mwaka 1967.

Ukipitia nyimbo za albamu ya kwanza unaona mkakati uleule wa tahadhari. Nyingi kati yake zilikuwa zimekwisha kupendwa kwa sauti za wengine, kama "Detroit City", "Folsom Prison Blues" na "Green, Green Grass of Home". Kuna faida katika hilo, kwa kuwa msikilizaji anayeujua wimbo humpima mwimbaji kwa sauti tu. Kuna hasara pia: mwimbaji wa namna hiyo hacheleweshwi tu kupata nyimbo zake, bali anathibitisha kila siku kwamba anajua kuimba kama wale. Pride hakubadilisha chochote. Hakutia mikwaruzo ya bluzi, hakuvuta silabi kwa namna ya kanisani, hakujaribu kufanya alichokuwa amefanya Ray Charles mwaka 1962 alipozichukua nyimbo za kantri na kuzivisha vinanda na kwaya za mjini. Aliziimba kwa ala zilezile na kwa mwendo uleule. Wapo wanaouita msimamo huo woga wa kisanii. Mimi nauona kuwa ni ukaidi, kwa sababu njia rahisi ilikuwa kuleta mchanganyiko na kusifiwa kwa upya wake, lakini yeye alidai haki ya kuwa wa kawaida.

Siku ya mtihani ilikuwa Detroit, mwaka 1966, katika uwanja wa ndani wa Olympia, mbele ya watu wapatao 10,000. Mji huo wa magari ulikuwa umejaa Wazungu waliohamia kutoka kusini kutafuta kazi viwandani, na ndio walionunua tiketi za kantri. Mtangazaji Ralph Emery alimkaribisha kwa kutaja nyimbo zake, bila neno juu ya rangi yake. Makofi yakapaa kwa mwimbaji waliyemjua redioni, kisha Pride alipotokea kwenye mwanga yakaanza kupungua, yakapungua zaidi, mpaka uwanja mzima ukanyamaza. Alikuwa na dakika kumi tu za kuimba. Akawaambia kwamba anatambua si jambo la kawaida kuwaona wakiimbiwa kantri na mtu mwenye weusi wa jua usiotoka, lakini ndivyo mambo yalivyo. Watu wakacheka, makofi yakarudi, naye akaanza kuimba kabla hayajaisha.

Utani huo ulifuatana naye kwa miaka, na leo kuna wanaouona kuwa ni wa kujidhalilisha. Sikubaliani nao kabisa, ingawa naelewa wanachokisema. Mtani katika mila zetu hujulikana kwa haki yake ya kulitaja jambo zito ambalo wengine wanalizunguka, na Pride alikuwa amelitaja jambo pekee lililokuwa vichwani mwa watu 10,000, kisha akaliweka kando kwa masharti yake. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye kubeba mzigo wa kuwastarehesha wote ukumbini alikuwa yeye. Mzungu wa mstari wa mbele hakudaiwa chochote. Kwa wakati huohuo watu wake walimuuliza maswali mengine. Alisimulia kwamba dada yake mkubwa alimhoji kwa nini anaimba muziki wa wale, na jibu lake lilikuwa lilelile kwa kila upande: ni muziki wangu pia. Webb Pierce, mwimbaji mkongwe, alipomwambia kwa nia njema kwamba ni vizuri kumwona katika "muziki wetu", alirudishiwa jibu hilohilo.

Tarehe 7 Januari 1967 alisimama jukwaani Grand Ole Opry, katika ukumbi wa Ryman, akitambulishwa na Ernest Tubb, mmoja wa waliotoka katika redio ile ya babake. Alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kusimama peke yake pale tangu kuondoka kwa DeFord Bailey miaka 25 na zaidi iliyotangulia. Bailey alikuwa hai, akiishi mjini humohumo. Willie Nelson naye alimchukua katika ziara za Texas, na wote wawili walisimulia jinsi Nelson alivyombusu jukwaani mbele ya umati ulioshangaa, kitendo ambacho kiliudhi wengine na kuwanyamazisha wengi. Msaada wa wenzake waliosimama naye hadharani, nadhani, ulikuwa na thamani kubwa kuliko wa kampuni iliyoanza kwa kumficha.

Wakati huo bado aliishi Montana. Mwaka 1967 alihamia Great Falls kutoka Helena kwa sababu ya kukaribia usafiri wa ndege, na hadi 1969 ndipo alipohamia Dallas. Julai 1968, miezi mitatu baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis, mji ambako Pride alicheza mpira ujanani, alirekodi albamu ya moja kwa moja katika ukumbi wa Panther Hall huko Fort Worth, Texas. Ukiisikiliza leo unasikia umati wa Texas ukimpigia mayowe kabla hajaanza, na unamsikia yeye akizungumza nao kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Mwaka 1969 wimbo wake "All I Have to Offer You (Is Me)" ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri, jambo ambalo mwimbaji mweusi hakuwa amelifanya tangu Louis Jordan mwaka 1944. Miaka miwili baadaye alikuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa chama cha kantri cha Marekani.

Huku kwetu wapenzi wa kantri, ambao Kenya hasa hawajawahi kuwa wachache, walizipokea santuri za Pride pamoja na za Jim Reeves na Don Williams bila kulazimika kuchagua upande. Nimekutana na wazee waliozijua nyimbo zake kwa moyo na wasijue hadi miaka ya karibuni kwamba alikuwa mweusi, na walipojua wakashangaa kidogo, kisha wakaendelea kuziimba. Ushahidi huo ni mdogo, lakini unaelekea kulekule kulikoelekea ushahidi wa mabaa ya Helena.

Kinachobaki kupimwa ni mlango wenyewe. Kama tatizo lilikuwa wasikilizaji, mafanikio ya Pride yangewathibitishia wenye kampuni kwamba wasikilizaji wapo tayari, na waimbaji weusi wengine wangefuata kwa wingi. Walijaribu. Linda Martell aliingia chati mwaka 1969 na wimbo wake ukafika nafasi ya 22, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake Opry, akatoa albamu moja mwaka 1970, na hakutoa nyingine. Stoney Edwards alisajiliwa na Capitol, na katika miaka ya 1970 hakuwahi kupita nafasi ya 20. O.B. McClinton, mzaliwa wa Mississippi kama Pride, aliishia nafasi ya 37 kwa wimbo wake uliofanya vizuri kuliko yote. Sauti hazikukosekana. Kampuni zilichojifunza kutoka kwa Pride ni kwamba anayefaa ni Pride, na kuwapo kwake kukawa jibu la haraka kwa yeyote aliyeuliza habari za ubaguzi. Wimbo wake wa mwisho kushika nafasi ya kwanza ulikuwa mwaka 1983. Mwimbaji mweusi aliyefuata kuifikia nafasi hiyo, Darius Rucker, aliifikia mwaka 2008, akiwa tayari ni nyota wa bendi ya roki aliyeuza mamilioni ya albamu na ambaye picha yake ilijulikana kwa kila mtangazaji wa redio nchini.